Mvinyo mwekundu wa Ureno chini ya euro 6: nianze na upi?

Nilipohamia Lisbon nilikuwa nachagua mvinyo kwa lebo. Chupa nzito yenye ngome ya dhahabu niliiona ya maana. Siku hizi kitu cha kwanza ninachotafuta ni jina la mkoa: Dão, Palmela, Alentejo, Douro. Kwa bei hii mkoa hueleza mengi kuliko picha, na hata kuliko neno Reserva, yaani mvinyo uliotengwa kuwa bora. Neno hilo lina masharti yake ya kisheria, ila halikuhakikishii kwamba mvinyo utaupenda. Ukiona kwenye lebo Vinho Regional (mvinyo wa mkoa) badala ya DOC, daraja lenye masharti makali zaidi ya eneo na zabibu, usiogope: masharti yamelegezwa kidogo, na wakulima wazuri wengi hutumia daraja hilo.

Kabla sijataja wa kwanza na wa mwisho, niseme ninavyopima. Wakati wa joto chupa hukaa kwenye friji nusu saa, ifike kama nyuzi 16 hadi 18. Jikoni kwangu mwezi Agosti ni moto. Mvinyo ukimiminwa hivyo hivyo, kilevi hupanda puani na tunda halisikiki tena. Namimina theluthi moja ya glasi, nanusa kabla ya kuonja. Harufu ya boksi lililolowa mvua maana yake kizibo kimeharibu mvinyo, na chupa hiyo rudisha dukani bila aibu. Hutokea hata Ureno, nchi inayotoa karibu nusu ya magome ya miti ya kutengenezea vizibo duniani. Harufu kali ya siki nayo ni kasoro.

Mdomoni natafuta vitu viwili. Uchachu unapaswa kuleta mate pembeni mwa ulimi, kama tone la ndimu kwenye mchuzi. Ukakasi ni ule tunaoujua kwenye bibo: fizi zinakauka, ulimi unakwaruza. Mvinyo rahisi ulio mzuri una ukakasi wa zambarau iliyoiva, unashika kidogo kisha unaachia. Ukishika na kung'ang'ania kama bibo bichi, hapana. Na ukiwa hauna uchachu wala ukakasi, una utamu tu wa jamu, glasi ya kwanza itakufurahisha na ya pili itakuchosha.

Kipimo changu cha mwisho ni kesho yake. Narudisha kizibo, chupa inalala kwenye friji, naonja tena jioni ya pili. Mvinyo uliotengenezwa kwa haraka huwa umekufa. Ulio na mwili wake huwa bado unanukia, pengine kuliko jana.

Kwa kipimo hicho, namba moja naipa Dão. Ni nyanda za juu zenye udongo wa matale, zimezungukwa na milima ikiwemo Serra da Estrela, na usiku wa baridi hulinda uchachu wa zabibu. Zabibu za Touriga Nacional, Alfrocheiro, Jaen na Tinta Roriz huchanganywa pamoja. Mvinyo wa Grão Vasco, uliopewa jina la mchoraji wa mji wa Viseu wa karne ya 16, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa Dão. Si mzito. Mtu aliyezoea mvinyo wa nguvu atauona mwepesi mno, lakini uweke mbele ya mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta uone unavyosafisha mdomo. Chupa ya Dão ndiyo pekee ambayo nyumbani kwetu huisha bila mtu kugundua.

Wa pili ni wa rasi ya Setúbal, uliko mkoa wa Palmela, kusini kidogo ya Lisbon, ambako zabibu ya Castelão hukua kwenye mchanga. Mvinyo wa Periquita wa huko umeuzwa kwa jina hilo tangu 1850. Una harufu ya matunda mekundu na ukavu kidogo mwishoni, unakwenda vizuri na pilau ya nyama kwa sababu haupigani na bizari.

Alentejo naupa nafasi ya tatu, na najua Wareno wengi watanikatalia, maana wao huupenda sana. Kiangazi huko joto hupita nyuzi 40, zabibu huiva mpaka mwisho, mvinyo unakuwa laini na mweusi. Tone la mvinyo wenye Alicante Bouschet ukilidondosha kwenye sahani nyeupe huacha duara la zambarau, kwa kuwa zabibu hiyo ni nyekundu hadi nyama yake, tofauti na nyingi ambazo rangi iko kwenye ganda tu. Kwa mgeni ambaye hajazoea mvinyo mwekundu, ningemnunulia Monte Velho, mvinyo wa Alentejo, kabla ya yote niliyotaja. Tazama tu kiwango cha kilevi kwenye lebo: kwa chupa za bei hii, zaidi ya asilimia 14 mara nyingi nimekuta moto mtupu.

Mikoa ya mvinyo ya Lisboa na Tejo hutoa mvinyo mwingi wa bei nafuu usio na kosa. Nunua kwa ajili ya karamu.

Nimeweka Douro mwisho, ingawa ni mkoa uliowekewa mipaka tangu 1756 na unaotoa baadhi ya mivinyo mikubwa kabisa ya nchi. Mashamba yake ni matuta kwenye miteremko mikali ya mawe, na sehemu kubwa ya zabibu huvunwa kwa mkono. Kazi hiyo ina gharama, kwa hiyo chupa ya Douro ya euro 3 hunitia shaka. Mvinyo wa Esteva ndio ninaouamini kati ya ile ya Douro ya bei ya chini, haujapitishwa kwenye mapipa ya mwaloni na tunda lake ni safi. Ukiweza kufika euro 9 au 10, Douro naipandisha hadi juu ya Dão.

Mvinyo wa mkoa wa Bairrada usinunue kwa bei hii. Zabibu yao ya Baga ikiwa changa ina ukakasi na uchachu mkali. Inahitaji miaka ndani ya chupa, au nyama ya mafuta mengi mezani.