Kuchora kanga: Procreate au Inkscape?

Anayebuni kanga Mombasa, akitaka zivutie macho pale Mtaa wa Biashara, ana programu mbili za kuchorea za kuchagua.

Procreate iko kwenye iPad na hulipiwa mara moja. Utamu wake uko mkononi: ua la asumini au korosho hutoka laini kama mchoro wa hina. Lakini hiyo ni picha ya pikseli, yaani vidoti vidogo vya rangi. Leso ina takribani sentimita 150 kwa 110, na turubai, yaani ukurasa wa kuchorea, ikiwa kubwa hivyo kwa ubora wa kuchapia, tabaka za mchoro unazoruhusiwa kupanga moja juu ya nyingine hupungua. Ukikuza mchoro mdogo, kingo hufifia.

Inkscape ni ya kompyuta, ya bure, ipo tangu 2003, na huchora kwa vekta, yaani mistari inayokokotolewa kwa hesabu badala ya vidoti. Ukuze utakavyo, mstari hubaki mkali. Hapa ndipo pindo linapopata haki yake. Unachora kipande kimoja, unakinakili kuzunguka mji wote, ile sehemu ya katikati ya kanga, na ukirekebisha cha asili, nakala zake zinafuata. Rangi nazo ni rahisi kuzitenganisha, jambo muhimu sana pale kila rangi inapochapwa kwa skrini yake, ile fremu ya wavu inayopitisha rangi kwenye kitambaa. Na jina, yale maneno ambayo mama zetu huyasoma kabla ya kuuliza bei, hurekebishwa herufi bila kuharibu kitu.

Kujifunza kuitumia ni kazi, sikatai. Hata hivyo, mwenye pesa ya kifaa kimoja ningemwambia anunue kompyuta, hata kuukuu. Mimi korosho zangu huzichora kwanza Procreate, kisha nazifuatisha upya Inkscape, mstari kwa mstari.