Mafiga matatu au jiko banifu: lipi likae katikati ya maongezi?

Kwa kuokoa kuni, jiko banifu la udongo, lile linalobana moto ndani yake, linashinda bila ubishi. Mafiga hukifikishia chungu kama asilimia 10 hadi 15 tu ya joto. Joto linalobaki hupotea hewani. Ila kuni ziwe kavu. Mbichi hukausha kwanza maji yake, na hapo jiko lolote linafuka.

Maongezi ni upande wa mafiga. Moto unaonekana pande zote, watu sita wanauzunguka, na mwenye zamu anasukuma ukuni ndani kwa mguu bila kukatiza hadithi. Jiko banifu lina mdomo mmoja: wa mbele anaota moto, wa nyuma anatazama udongo.

Matunzo? Mafiga hayadai mengi, ila usiokote jiwe la mtoni lililolowa. Maji yaliyo ndani hugeuka mvuke, likapasuka na kurusha vipande. Jiko la udongo likaushwe kivulini wiki 2 hadi 3 kabla ya moto wa kwanza, kwani haraka ndiyo huleta nyufa. Ufa mdogo zibeni kwa udongo uliochanganywa na mchanga. Kama jiko lina dohani, yaani bomba la kutolea moshi, isiposuguliwa masizi, moshi unarudi chumbani.

Kama mnapikia ndani na kuna mtoto mchanga, chagua jiko lenye dohani, maongezi yatafute pengine. Mwenye banda wazi uani na kuni za kutosha abaki na mafiga. Wapo wanaopikia jiko banifu, kisha jioni wakawasha mafiga ya kuota tu.