James Joyce au Virginia Woolf, uanze kusoma yupi?

Wote wawili ni waandishi wa riwaya, na wanakuingiza kichwani mwa mhusika lakini njia zao hazifanani hata kidogo.

Joyce kwenye riwaya yake Ulysses ya 1922, sura ya mwisho, anamwachia Molly Bloom usemi wote, ni "mimi" mwanzo mwisho, yuko kitandani usiku anawaza mume, wanaume wengine, Gibraltar alikokulia, hakuna koma, sentensi nane tu ndefu ajabu, na akisema "yeye" utajijua mwenyewe ni mwanaume yupi maana hajamaliza kumwaza mmoja kashahamia kwa mwingine. Msimulizi hayupo kabisa.

Woolf kwenye Mrs Dalloway ya 1925 msimulizi kabaki, anamtaja Clarissa, huyo Mrs Dalloway mwenyewe, kwa jina, ila sauti yake inayeyukia kwenye ya mhusika taratibu hadi hujui nani anaongea. Na anaruka kutoka kichwa hadi kichwa! Ndege inaandika tangazo kwa moshi angani juu ya London, watu wanatazama juu kila mmoja na lake, mara tuko na Septimus, askari aliyeharibiwa na vita, ni kama abiria wa taksi iliyokwama kwenye jamu ya Wandegeya, hapa Kampala, halafu wewe unasikia mawazo yao wote.

Mimi nasema anza na Woolf, hasa kama unaandika hadithi zako. Wengi hapa Kampala wanaiga Joyce kwa kufuta koma tu, basi, inabaki fujo bana. Molly naye usimsome kimya, msome kwa sauti, pumzi yenyewe itakuonyesha pa kukata.