Mndimu wangu umefika Ohio salama, wa dada Houston wamekataa kuutuma na wako sahihi

Nyota 4 kati ya 5. Niliagiza mche wa mndimu mtandaoni kwenye nasari moja (kitalu cha miche) ya California, dola 62 na usafiri 24, siku ya tano ukawa mlangoni hapa Columbus. Udongo wameufunga nailoni usimwagike, shina limefungiwa kijiti, nikasugua jani moja nikanusa, aisee, Muheza kabisa, nilikaa nao pale chini kama nusu saa hivi. Kwenye shina kuna lebo ya kibali cha USDA, idara yao ya kilimo, maana miche hii inakuzwa ndani ya mabanda ya wavu na kukaguliwa kabla ya kutoka jimboni. Hiyo lebo usiitoe.

Sasa dada yangu yuko Houston naye akautaka. Ukiweka tu zip kodi (namba ya posta) ya Texas mtandao wao unakukatalia kabla hujafika kwenye malipo, wanakwambia Texas hairuhusu miche ya jamii ya machungwa kutoka majimbo mengine. Dada kakasirika, kaenda kwa muuzaji mwingine, yule kapokea hela bila swali, siku tisa kimya ndo anasema hawezi kutuma, na hela ya usafiri hajarudisha mpaka leo. Ndo maana hawa nawasifia, bora anayekukatalia mapema.

Na jamani msione kuzuia miche ni usumbufu, mimi nimesomeshwa kwa hela ya machungwa najua shamba likifa nyumba inakuwaje. Kuna kamdudu ka milimita 3 au 4 kanafyonza majani machanga kanasambaza ugonjwa usio na dawa, matunda yanabaki madogo, ya kijani, machungu. Florida uligundulika 2005. Msimu wa 2003-04 walivuna maboksi ya machungwa milioni 242, wa 2023-24 hata milioni 20 hawakufika!

Dada mwishowe kanunua nasari ya hukohuko Houston, nako ni karantini ya ugonjwa huohuo, mche wake hauruhusiwi kutoka eneo lile.

Nyota moja nimekata kwa sababu hawakunieleza kama nikihama jimbo naweza kwenda nao, nimeuliza kwa imeili wamejibu baada ya siku nne. Walio kwenye majimbo ya baridi agizeni kabla ya Novemba, boksi likilala kwenye trak usiku wa barafu mche unakufa.