Dermacolor kwenye ngozi nyeusi: krimu nzuri, ila poda ndiyo kazi

Dermacolor, krimu ya kuficha mabaka na makovu inayotengenezwa na Kryolan ya Berlin, si ya kupaka kama fandesheni. Imeshiba rangi. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha baka la vitiligo (ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi) lenye upana wa sarafu. Ukichota kama losheni, utapata uso wa udongo unaopasuka kabla ya adhuhuri, halafu lawama ziende kwa krimu.

Mtihani wa kwanza ni rangi. Uso mweusi hauna rangi moja. Paji mara nyingi limekoza kuliko mashavu. Chukua rangi mbili zinazokaribiana, zichanganye nyuma ya kiganja, ujaribu pembeni mwa baka, nje, mchana. Taa za dukani zinadanganya. Kwenye baka jeupe kabisa, rangi inayofanana na ngozi yako inaweza kutoka kijivu, kama mtu aliyepakwa jivu. Hapo tanguliza tabaka jembamba lenye wekundu, ndipo uje na rangi yako.

Uso uwe mkavu. Juu ya mafuta ya mgando krimu inateleza tu. Losheni ya jua usiiache, maana baka halina kinga yake. Ipe dakika 20, kisha gusisha tishu. Mwanamume anyoe kwanza, la sivyo krimu inang'ang'ania kwenye ndevu.

Lainisha krimu kwa joto la mkono, igongegonge kwa kidole bila kusugua, uvuke ukingo wa baka kwa nusu sentimita. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene. Halafu poda yake ya kushikisha: bandika nyingi, kandamiza, acha dakika 5 hadi 10, ndipo upanguse kwa brashi laini. Wengi wanaharibu hapa kwa haraka, na krimu inaishia kwenye kola ya shati au ukingo wa hijabu. Poda ikikaa, hata jasho la Mombasa linavumilika, mradi ulikaushe kwa kugonga na tishu, usifute.

Kwenye kovu la moto matokeo ni nusu kwa nusu. Rangi inafichika, milima na mabonde yanabaki. Tena ngozi ya kovu haina vinyweleo, kwa hiyo rangi moja tupu inaonekana kama plasta. Dondoa rangi iliyokoza kidogo kwa sponji yenye matundu makubwa. Kidonda ambacho hakijafunga usikiguse. Kwenye vidole na midomo ni kupoteza pesa, haidumu.

Kuitoa: mafuta ya watoto au ya nazi, subiri dakika moja, panguse taratibu, ndipo uoshe. Dodoki na sabuni hapana. Vitiligo huweza kuzuka upya palipokwaruzwa.

Walio Uingereza wana Changing Faces, shirika ambalo wataalamu wake hukutafutia rangi na kukufundisha kupaka. Ukiwa na krimu au bila, jibu fupi uwe nalo mdomoni: "Ni vitiligo, haiambukizi. Enhe, za kazi?" Siku ukitoka bila kupaka, waliozoea uso wa rangi moja ndio watakaouliza zaidi.