Mora Companion: kisu cha ala cha kambini, baada ya kukaa nacho miaka miwili

Nianze na kimeo changu cha kwanza ili mjue naongea nikiwa nimeshapigwa. Kabla ya hiki nilikuwa na kisu cha kikomandoo, bapa refu kama mkono wa mtoto, meno ya msumeno mgongoni, mpini wa bomba wenye dira kwenye kifuniko na ndani ndoano za samaki. Nilikikuta kwenye duka moja mjini nikajiona mwanajeshi kabisa. Usiku wa kwanza tu, tuko Ziwa Chala, nachanja vijiti vya kuwashia moto, bapa likachomoka likabaki limeganda kwenye kuni na mimi nimeshika bomba mkononi. Kuangalia ndani, kumbe bapa zima lilikuwa limeshikiliwa na kanati kamoja kama ka kwenye redio. Na ile dira bana, ukigeukia upande wowote kaskazini ilikuwa huko huko.

Hiki cha sasa nilikinunua Moshi kwa mpagazi mmoja, si unajua wageni wakishuka mlimani huwa wanawaachia vitu. Alitaja elfu 60, tukavutana mpaka elfu 40. Mora Companion, mpini wa rangi ya chungwa, nikasema mbona kama kisu cha kumenyea viazi. Rafiki zangu nao walicheka sana.

Ni cha Sweden, mji wa Mora, huko wanatengeneza visu toka 1891. Bapa lina sentimita 10 hivi na unene wa milimita 2.5, changu ni cha chuma cha pua, ila kuna toleo jingine la chuma cha kawaida ambacho kinashika kutu. Jamaa yangu analo hilo la pili, tulienda Pangani akakatia ndimu za samaki akalala bila kukiosha, asubuhi bapa limejaa madoa kama ndizi mbivu. Kama unakaa pwani au wewe ni mvivu wa kuosha vyombo kama mimi chukua cha pua.

Kwa nini cha ala na sio cha kukunja? Cha kukunja ni kizuri mfukoni sikatai, lakini ukishachinja kuku na kukata nyama yenye mafuta, ule uchafu unaingia kwenye bawaba na kuutoa gizani na maji ya kugawana ni kazi. Hiki unasuuza, unafuta na kanga, basi.

Kitu kilichonikamata kabisa ni kunoa. Makali yake yamekatwa mteremko mmoja mpana kila upande kwa hiyo huna haja ya kubuni pembe, unalaza ule mteremko kwenye jiwe mpaka uone hauyumbi, unasukuma, unageuza. Siku moja Lushoto nilisahau jiwe, nikageuza kikombe cha udongo juu chini, pale kwenye kitako kuna duara halijapakwa ile rangi ya kung'aa, linakwaruza kama msasa. Nikapitisha kisu taratibu kama mara ishirini kila upande kikarudi kukata nyanya bila kuiminya. Mama mwenye kikombe alikuwa ananiangalia tu hakusema kitu.

Sasa mapungufu, maana hakuna kisu cha kila kitu. Chuma hakijafika mwisho wa mpini, kinaishia ndani. Kuni za unene wa kifundo cha mkono unaweza kuzipasua kwa kugonga mgongo wa kisu na kipande cha gogo, nimefanya sana, ila zaidi ya hapo tafuta panga, na usikitumie kufungulia kopo au kubandulia vitu, ncha itaondoka. Mgongo wenyewe umeviringwa kidogo, kwa hiyo wale wa kuchapa cheche kwa kijiti cha chuma mtahangaika, mi nabeba kiberiti. Na jikoni, karoti nene kinaipasua badala ya kuikata, ukitaka vipande vyembamba vya kachumbari beba kisu cha nyumbani.

Kuhusu kubeba, hapa watu wengi wanakosea na mimi nilikosea. Ala yake ni ya plastiki ngumu, kisu kinaingia na kulia "tak", chini kuna kitundu cha kutolea maji, safi. Lakini inashika mkanda kwa klipu, na mkanda wangu ulikuwa mwembamba, nikachuchumaa kuchota maji, nikainuka, nikatembea kama nusu saa ndo najipapasa kiunoni hakuna kitu. Tukarudi nyuma, kiko kwenye nyasi kinawaka rangi ya chungwa. Kingekuwa kile cheusi cha kikomandoo kingekuwa cha fisi. Toka siku hiyo nimefunga kamba kutoka kwenye ala mpaka kwenye kitanzi cha mkanda cha suruali. Wengine wananing'iniza shingoni, mi siwezi, ukianguka mlimani na kisu kifuani aisee.

Na tafadhali usipande basi nacho kiunoni. Njiani kinakaa katikati ya begi, kimeviringishwa kwenye nguo, ukipanda ndege kinaenda kwenye mzigo wa chini maana cha mkononi watakichukua. Niliwahi kusahau nikapita nacho stendi, mgambo akanisimamisha maswali mia, "unaenda kumchinja nani?", huku pembeni yangu kuna mzee wa Kimasai kavaa sime ndefu kwenye ala nyekundu, hakuna aliyemgusa. Nikamwonyesha hema na sufuria ndo akaniachia, mzee akakiomba kisu akijaribu, akanyoa nacho vinyweleo vya mkono, akatikisa kichwa, akanirudishia. Akauliza mbona kifupi.