TAHADHARI: Muuzaji wa fonti za "herufi za chuo" na roli za kubandikia jezi hapa Mwanza

Ndugu zangu mnaochapa fulana, kushona vibandiko na kubuni mabango hapa Mwanza, nawatahadharisha kuhusu muuzaji anayepita kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi akinadi kifurushi cha fonti za herufi za chuo, zile herufi nene zilizokatwa pembe ambazo wateja huziulizia kila msimu wa mahafali na wa ligi za mitaani, pamoja na roli za plastiki ya kubandika kwa joto. Mimi amekula shilingi 115,000 zangu na, kinachoniuma zaidi, amenigombanisha na mteja niliyemtumikia miaka mingi. Jina analotumia sitaliandika, kwa kuwa hulibadilisha kila mara na huenda ni la mtu mwingine asiyehusika. Nitaeleza namna anavyofanya kazi ili mumtambue.

Alinieleza kwamba alichonacho ni "fonti rasmi ya vyuo vya Marekani", kwamba haipatikani bure popote, na kwamba kwa shilingi 45,000 ningepata leseni ya kuitumia kibiashara maisha yangu yote. Dai hilo la kwanza lilipaswa kunizindua, maana hakuna fonti moja rasmi ya vyuo vya Marekani. Desturi ya herufi kifuani inasimuliwa kuanzia mwaka 1865, wakati timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Harvard iliposhona herufi H kwenye mashati yake, na hata H hiyo ilikuwa ya mwandiko wa kale wa Kiingereza, si ya mtindo huu wa pembe zilizokatwa. Herufi za mistari iliyonyooka zina faida inayojulikana na kila aliyewahi kushika mkasi: kitambaa kinene hukatika vizuri bila kuhangaika na mviringo, na ukingo wake hushoneka kwa urahisi. Kila chuo na kila kiwanda cha jezi kikachora za kwake.

Nilikuwa na oda ya jezi 22 za timu ya mtaani, jina la timu likiwa na Ng' yenye ritifaa. Nililipa, nikapokea mafaili, nikaandika jina. Mahali pa ritifaa pakatokea kisanduku kitupu. Nikaandika namba za wachezaji, nazo zikatoka nyembamba kwa mtindo mwingine kabisa, kwa sababu faili halikuwa na tarakimu hata moja na programu ilikuwa inajazia kwa fonti nyingine. Alikuwa ameniuzia toleo la majaribio, lenye A hadi Z tu. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ritifaa si pambo: kijana anayeitwa Ng'wandu hawezi kubandikwa "Ngwandu" mgongoni, na mzazi aliyelipia jezi hiyo ana haki ya kuirudisha.

Nilipomlalamikia alinitumia faili la pili, akasema hili ni "kamili" na liko tayari kwa mashine ya kukatia. Nikakuza herufi O hadi ikajaza kioo chote. Herufi O ya mtindo huu ina pembe nane nje na pembe nane ndani, kwa hiyo mchoro wake unahitaji vituo 16 tu, yaani nukta ambazo mstari hugeukia. Ile niliyouziwa ilikuwa na vituo zaidi ya mia moja, kingo zikitetemeka kama mstari uliochorwa ndani ya daladala, na pembe zote zimeviringika. Maana yake ni kwamba mtu alichukua picha ya herufi mtandaoni, akaiacha programu ifuatishe kingo zake yenyewe, kisha akaiuza kama kazi ya mikono yake. Kisu cha mashine kilisimama katika kila kituo na kuchana plastiki badala ya kuikata.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni, nikafungua sifa za lile faili la kwanza kwenye kompyuta na kusoma sehemu ya hakimiliki. Jina la nje lilikuwa la muuzaji, lakini ndani kulikuwa na jina la mchoraji mwingine na maneno kwamba fonti ni kwa matumizi binafsi tu. Leseni ya biashara aliyoniahidi hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Nisingeyasoma maneno hayo, jezi zile zingetoka na mimi ndiye ningekuwa mwenye kosa mbele ya mchoraji. Katika kifurushi hichohicho kulikuwa pia na nembo za vyuo vikuu halisi vya Marekani, ambazo ni alama za biashara zilizosajiliwa, na anawauzia vijana wetu kana kwamba ni maua ya pambo.

Shilingi 70,000 zilizobaki zilikuwa za mita tano za roli nyeupe. Ilipoanza kubanduka alinielekeza nipandishe joto la mashine hadi nyuzi 190. Naomba mtu yeyote asifuate ushauri huo. Roli nyingi za aina hii hubandikwa kwenye nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15, na jezi za poliesta zikipata joto kupita kiasi hutoa rangi yake. Jezi zangu zilikuwa nyekundu. Nilizikunja jioni zikiwa na namba nyeupe, asubuhi nikazikunjua zikiwa na namba za waridi.

Alikuwa ameniambia duka lake liko Makoroboi. Nilikwenda na picha ya ujumbe wake mkononi, nikauliza kibanda kwa kibanda, na hakuna aliyelijua. Nilipompigia nikiwa palepale akakata simu, na hadi leo sipati hata picha yake ya wasifu. Jina lililotokea wakati wa kutuma pesa halikufanana na la duka, na risiti hakutoa. Niliyaona yote mawili kabla sijathibitisha malipo, nikaendelea kwa sababu oda ilikuwa ya haraka.

Anayetaka fonti ya mtindo huu asilipe kabla ya kujaribu ile inayoitwa Graduate, inayopatikana bure Google Fonts kwa leseni huria inayoruhusu kazi za biashara. Programu ya Inkscape nayo ni ya bure na inatosha kugeuza maandishi kuwa mchoro wa kukata. Kama ni lazima ununue kwa mtu, mtake akuandikie kwa fonti yake, na akutumie picha, neno utakalolichagua wewe lenye Ng' na tarakimu zote kumi, kisha akuonyeshe maandishi ya leseni. Kwa roli, omba kipande cha kiganja, kibandike kwenye kitambaa kilekile cha oda, kivute, ukifue mara mbili.

Ujumbe wake nimeutuma pamoja na namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na ninawaomba wengine waliotapeliwa wafanye hivyo. Jezi 22 nimezirudia kwa gharama yangu. Wiki iliyopita ameibuka tena kwa jina jipya, lakini picha ya sampuli hajaibadilisha: koti la bluu lenye herufi M ya njano kifuani, limelazwa juu ya meza ya saruji, na mguu wa kushoto wa hiyo M ni mnene kuliko wa kulia. Ukitumiwa picha hiyo, usitume pesa.